Gari Lililosingiziwa

Nitaanza na gari, kwa sababu gari ndilo lililoonewa kuliko sisi wote. Lilikuwa stesheni wagoni ya kijani, kazi ya Wafaransa, limeingia nchini kabla mimi sijaolewa, na sisi tuliolipenda tulikuwa tunaliita Mfaransa. Kwa zaidi ya mwaka mzima gari lile lilishtakiwa kwa kosa ambalo halikulifanya. Lilivuliwa magurudumu, likang'olewa vyuma vizima likafungwa vingine, likapandishwa juu ya mawe, likateremshwa, likasemwa vibaya mbele za watu, na siku moja likaombewa. Yote hayo kwa sababu mwenyewe alisema usukani unatetemeka. Usukani haukuwa na neno. Iliyokuwa inatetemeka ni mikono yake, na mikono hiyo ilikuwa barabarani kila siku kati ya Busia na Malaba, katikati ya matrela, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Nikikumbuka, mpaka leo damu inanichemka.

Tulimwita Daktari. Kwa cheti alikuwa afisa wa kliniki, na alipostaafu alirudi kwake upande wa Amukura, lakini hapa kwetu mtu akishakuchoma sindano na ukapona, huyo ni daktari, na hakuna atakayemvua jina hilo. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya kulala chini ya gari. Akitaka kuingia chini ya gari alikuwa anakunja suruali mara mbili, anatandika gunia, anavua saa anaifunga kwenye mshipi. Halafu anazungumza akiwa huko chini, sisi tunajibu miguu yake.

Tulikuwa tunakutana Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya kituo kimoja cha mafuta pale Busia, watu wenye magari ya zamani. Hatukuwa na jina wala usajili. Mimi nauza dawa za mifugo na naendesha pikapu ambayo imenishinda umri kidogo tu. Pasta alikuwa na kibasi cha kanisa. Wengine walikuja wakaenda, wengi waliuza magari yao wakanunua haya ya kisasa ambayo ukiyafungua boneti hujui uanzie wapi. Daktari ndiye aliyeweka utaratibu, na utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: ukifika, useme kwanza gari lako linaumwa wapi, halafu ndio useme wewe mwenyewe unaumwa wapi. Ukianza na mwili wako alikuwa anakukatiza.

"Anza na gari," alikuwa anasema. "Huko kwingine tutafika tu."

Na mara nyingi alifika kweli, hiyo ndiyo shida yenyewe. Goti langu la kushoto lilinisumbua nikanywa vidonge mpaka tumbo likachafuka. Niliambiwa ni uzito, nikaambiwa ni umri, mwingine akaniambia nimerogwa na mwenzangu wa biashara. Daktari aliingia kwenye pikapu yangu, akakanyaga kliachi mara tatu, akatoka. "Hiyo si goti," akasema. "Hiyo kliachi ni nzito kama mlango wa jela. Badilisha kebo." Nilibadilisha kebo, na goti likapoa. Pasta naye alikuwa na mgongo uliomfanya ahubiri ameshika mimbari kwa mikono miwili, waumini wakidhani ni upako. Daktari akamwambia springi za nyuma zimelala na kiti kimepinda. Springi zikainuliwa, kiti kikanyooshwa, na Pasta akaanza kuhubiri akizunguka. Mwingine aliumwa kichwa kila jioni, ikapatikana kuwa moshi ulikuwa unaingia ndani kupitia sakafu iliyotoboka. Basi ungemwambia nini mtu kama huyo? Tulimwamini. Aliposema usukani wake unatetemeka, hakuna aliyetazama mikono. Tulitazama magurudumu.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akimwomba gari alikuwa anajibu, "Gari ni kama mswaki," na mazungumzo yanakwisha hapo. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye usukani wa Mfaransa ila yeye. Hata fundi hakuruhusiwa. Wengine sisi tukipeleka gari kwa fundi tunampa ufunguo, anazunguka nalo, anarudi na hukumu. Daktari hapana. Alikuwa anaendesha mwenyewe, fundi anakaa kushoto asikilize. "Wewe sikia," anamwambia. Fundi anasikia. Ukimkalisha fundi kushoto ukamwambia kuna kitu kinagonga, atasikia kitu kinagonga, hasa kama hajapata kazi tangu asubuhi.

Ndivyo mafundi walivyomla yule mzee, na hapo nina hasira nao mpaka kesho. Wa kwanza alisema ni balansi ya magurudumu. Balansi ikafanywa. Wa pili akasema ni alaimenti. Wa tatu, wa ng'ambo ya mpaka, mtu wa maneno matamu, akatikisa gurudumu la mbele kwa miguu yake akasema, "Ssebo, mzee wangu, beringi zimekufa hizi, utaanguka nazo." Beringi zikatolewa. Niliziona zile beringi, nilizishika mkononi, zilikuwa nzima kuliko mimi. Baadaye ikawa bushi, zile raba za viungo, halafu reki nzima ya usukani, chuma kinachogeuza magurudumu, iliyotafutwa huku na kule mpaka ikapatikana imetumika, na ile iliyotolewa ikatupwa nyuma ya gereji ikaota kutu bila hatia. Kila mara Daktari alikuwa anarudi Jumapili na kusema, "Sasa afadhali." Jumapili inayofuata, "Imerudi." Ni fundi mmoja tu aliyethubutu kusema, "Mzee, mimi naona iko sawa." Daktari alimwambia hana masikio, na hakumrudia tena.

Mtu huyu alikuwa na ukinzani ambao sijauelewa. Kazini, nasikia, alikuwa mkali kama pilipili. Mama akileta mtoto aliyechelewa kuletwa, alikuwa anamgombeza mbele ya foleni nzima: ulikuwa unangoja nini, ulikuwa unangoja aanze kukauka? Alikuwa anachukia watu wanaojitibu. Alikuwa anachukia watu wanaosema, ah, itaisha yenyewe. Mimi mwenyewe alinifukuza dukani kwangu, dukani kwangu jamani, akanipeleka kupimwa presha, akasimama mlangoni kama askari mpaka nikatoka na dawa mkononi. Mtu huyo huyo akaukalia ugonjwa wake kimya na kumtafutia Mfaransa makosa.

Dalili zilikuwepo. Kulikuwa na siku pikapu yangu ilikuwa inavuja petroli, harufu imejaa uwanja mzima, Pasta amefunika pua kwa leso. Daktari, ambaye zamani angesimama Korinda akanusa bomba linalovuja Busia, alikuwa ameinama juu ya injini yangu akiuliza, "Petroli gani? Mimi sisikii kitu." Tukacheka, tukasema ni mafua. Mwandiko wake ulianza kuwa mdogo, kama mchwa. Alianza kutembea akiburuta viatu. Mkewe aliniambia kwamba kijiko kilikuwa kinagonga kikombe cha chai asubuhi mpaka mbwa anaamka. Yeye alisema ni uchovu wa kushikilia ule usukani mbaya. Unaona alivyolifunga jambo? Mkono ukitetemeka mezani, ni usukani uliouchosha. Ukitetemeka kwenye usukani, ni usukani wenyewe. Hakuna mahali pa kuingilia.

Halafu ikaja siku ya nyanya. Ilikuwa siku ya soko, mama mmoja amepanga nyanya zake kando ya barabara, na Mfaransa akatoka kwenye lami taratibu, mchana kweupe, akapita juu ya nyanya zote. Mama yule aliruka. Kama angekuwa amempakata mtoto, kama angekuwa ameinama kufunga mfuko, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Daktari alishuka, akaomba msamaha kwa heshima zote, akalipa, akawaambia watu waliojaa, "Ni usukani. Nitaupeleka tena kwa fundi." Watu wakampa pole. Wakampa pole yeye. Nilipoelezwa nilitupa kalamu.

Siku niliyojua ukweli, niliujua kwa mikono yangu. Daktari alikuwa ametoka chini ya kibasi cha Pasta vibaya, akakanyaga jiwe, kifundo cha mguu wa kulia kikafura papo hapo. Hakuweza kukanyaga pedali. Pasta alikuwa na ibada ya jioni. Daktari alikaa kwenye gunia lake akitazama gari, akitazama mguu, akitazama gari. Mwisho akanyoosha ufunguo upande wangu bila kunitazama. "Polepole," akasema. "Usiforsi gia ya pili."

Nilikaa kwenye usukani wa Mfaransa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Tulitoka Busia, tukapita Alupe, na mimi nilikuwa nimeushika usukani kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka, nikingoja utetemeke. Haukutetemeka. Nilipunguza mwendo, nikaongeza. Nikapita kwenye mashimo kusudi. Nikaachia kidole kimoja, nikaachia mkono mmoja, na gari likaenda moja kwa moja, limenyooka, limetulia, kama limefurahi kupata mtu wa kulisikiliza. Nikageuka. Daktari hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anatazama mikono yangu. Yake ilikuwa juu ya magoti, na wa kulia ulikuwa unacheza, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada, kama mtu anayesaga tumbaku.

"Daktari," nikasema, "mbona hautetemeki?"

"Leo barabara ni nzuri."

Barabara gani nzuri? Tulikuwa tunaruka kwenye viti mpaka kichwa kinagonga paa. Nilisimamisha gari kando, nikazima injini, nikamwambia waziwazi. Nilimwambia ni mikono yake, nikamwambia aende hospitali kesho yake, nikamwambia kama ni mimi angekuwa ameshanivuta sikio. Alinyoosha mguu uliofura. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Dada, wewe unauza dawa za ng'ombe."

Nilimfikisha kwake. Mkewe alitoka, akaniona kwenye usukani, akashika kiuno. Nikampa ufunguo yeye, si Daktari, lakini kabla hata sijafika langoni nilimsikia mzee akiudai.

Sasa niambie, ungefanya nini? Jumapili iliyofuata niliwaambia wenzangu. Nilitarajia tungekwenda wote nyumbani kwake. Pasta alikuna kidevu.

"Yule ni mzee wetu," akasema. "Na ni daktari. Utamwambia nini kuhusu mwili?"

"Nimeshamwambia."

"Basi umemkosea heshima, mama. Tumwombee."

Na Daktari alipofika, akichechemea, wakamwombea. Lakini kwa sababu hakuna aliyetaka kutaja mikono, wakaliombea gari. Pasta aliweka viganja juu ya boneti ya Mfaransa akakemea roho ya ajali, na Daktari alisimama hapo ameinamisha kichwa, mkono wake wa kulia ameutia mfukoni. Mimi niliondoka. Nilimwambia Pasta, nikipita, kwamba Mungu ana macho. Baada ya hapo Daktari hakunisemesha kwa miezi. Tukikutana barabarani alikuwa anapiga honi mara moja, salamu ya kumpa mtu usiyemjua, na mimi nilikuwa napunguza mwendo kuona kama atabaki upande wake wa barabara.

Aliyelimaliza jambo lile ni mkewe. Watu hawakujua, lakini yule mama alikuwa na leseni tangu usichana wake, alikuwa anaendesha gari la kusambaza mikate Kisumu kabla ya kuolewa. Miaka yote ya ndoa alikaa kushoto kwa sababu gari ni kama mswaki. Basi Jumapili moja, mzee yuko bafuni, alichukua ufunguo kwenye koti, akaenda misa na Mfaransa. Aliliegesha mbele kabisa, mahali padri anapoegesha. Daktari alifika na bodaboda wakati wa matoleo, kamba za kiatu kimoja zimelegea kwa sababu vidole vilishindwa kufunga. Misa ilipokwisha, parokia nzima imesimama nje inajifanya inasalimiana, mama alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini inanguruma, mlango wa kushoto uko wazi.

"Ingia," akamwambia mumewe. "Kesho tunaenda Eldoret, na naendesha mimi."

Aliingia. Mimi sikuwepo, naabudu kwingine, lakini nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanasema kwamba kabla ya kuingia alizunguka gari lote, akapiga teke kila tairi.

Hospitalini Eldoret waliambiwa ni ugonjwa wa Pakinsoni, ule wa neva unaotetemesha mikono. Kabla ya hapo, usidhani hakuna aliyemwona. Mkewe alikuwa ameshamdanganya mara moja kwamba anayeumwa ni yeye mke, akamfikisha zahanati ya karibu, na kijana aliyekuwa zamu akasema ni uzee, akampa dawa ya maumivu bila kuinua kichwa. Uzee, mtu anabomoa gari zima peke yake. Na sasa jina la ugonjwa limejulikana, dawa yenyewe hakuna. Leo iko duka hili, wiki ijayo haiko, uvuke mpaka uulize ng'ambo, uagize kwa mtu anayetoka Kampala, akuletee ya kipimo kingine. Tunaitafuta kama tulivyotafuta reki ya usukani, tena reki ilipatikana haraka zaidi. Inasaidia lakini. Akiimeza kwa wakati wake anaweza kufunga kamba za viatu. Mwaka mzima angekuwa anafunga kamba zake mwenyewe, mwaka mzima, na aliutumia kununua beringi.

Mwezi uliopita nilikwenda Malaba kupeleka dawa za kuogeshea ng'ombe. Unajua foleni ya matrela ilivyo. Siku hiyo yalikuwa yamejaza barabara pande zote mbili, madereva wameshuka wanapika uji chini ya trela, na sisi wenye magari madogo tukashushwa kwenye vumbi la pembeni, tunasogea kwa hatua. Nikatazama dirishani, na hapo kando yangu, karibu kiasi cha kupokezana chumvi, alikuwa Mfaransa. Mama ameshika usukani. Daktari ameketi kushoto, upande wangu, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti.

"Yoga," nikamsalimia kwa lugha yake.

"Yoga, dada. Hiyo pikapu yako, feni bado inapiga kelele."

Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yetu. Nikamwambia gari kwanza, kwamba feni ndiyo hiyo na rediyeta imeanza kutoa machozi. Nikamwambia na mimi presha iko pale pale. Akaniambia dawa zimepatikana za wiki mbili. Akalalamika kwamba mkewe anakaa na mguu juu ya kliachi kama mtu anayekanyaga nyoka. Mkewe alitabasamu akitazama mbele. Tukatukana matrela kidogo, tukatukana vumbi. Kisha akaegemea dirisha.

"Dada, ile siku uliniambia. Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa najua mapema. Kabla ya mafundi. Huo ugonjwa nimeandikia watu barua za rufaa miaka yangu yote ya kazi. Ninajua mahali unaanzia na ninajua mahali unakupeleka." Aliinua mkono wa kulia kidogo, akaurudisha. "Gari nilikuwa naweza kutengeneza. Nikasema wacha iwe gari."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilitaka kumkumbusha mama wa nyanya. Nilitaka kumuuliza wale watoto wa shule wangetengenezwa gereji gani. Nilimwonea huruma pia, lazima niseme, na huruma hiyo ilinikasirisha zaidi, kwa sababu ilinifunga mdomo. Wakati natafuta pa kuanzia, nilimwona mkewe ameacha kutazama barabara. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, anamtazama mume wake. Nilielewa kwamba na yeye ndio anasikia kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unajua," akasema.

Daktari hakugeuka.

"Mimi nilikuwa nakaa hapo," mama akasema, akionyesha kiti alichokalia mumewe. "Kila Jumapili. Kila siku ya soko. Nilikuwa nakaa hapo umekaa, na wewe ulikuwa unajua."

Mikono ya Daktari ilianza kucheza juu ya magoti, yote miwili, na safari hii hakuificha. Mbele yetu trela likawasha injini, watu wakaanza kupiga honi nyuma. Mama alisubiri mpaka nafasi ikafunguka kabisa, akisubiri jibu, kisha akaingiza gia ya kwanza na kupita taratibu, usukani umetulia mikononi mwake.